Kabla Hujapewa Bunduki

Muhonja mwanangu,

Umeenda kumuaga bibi yako, Kukhu Rasoa, na baba yako ametoka kuuliza kama gari la kesho litapita hapa kwetu au mtalipandia Khayega. Nyumba imetulia. Nimeketi mlangoni kabla giza halijaingia, nikuandikie yale ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo tutacheka au tutalia, na yote mawili yatatupotezea wakati.

Mambo ya sabuni, blanketi, dawa ya mbu na kupiga simu siyaandiki. Baba yako ameyasema mpaka mbuzi wameyashika. Mimi nataka kujibu lile swali ulilouliza juzi tukipukuchua mahindi. Uliniambia, "Mama, kule chuoni, bunduki ya kwanza mtu anajichagulia ama anapewa tu?" Nilikujibu kwamba askari wa wanyamapori hachagui, anapewa, anatia sahihi, basi. Ukaendelea na gunzi lako. Jibu langu lilikuwa kweli lakini halikutosha, nami nimetembea nalo siku zote hizi kama mtu mwenye kokoto kiatuni.

Bunduki sijawahi kuishika. Lakini upinde naujua. Upinde wako wa kwanza niliuchagua mimi, na niliuchagua vibaya. Kisha ukachaguliwa upya, vizuri, na mtu aliyekuwa na haki ya kuuchagua kuliko sisi wote. Unakumbuka kipande kimoja cha mambo haya, ulikuwa mdogo. Nataka uende ukiwa nayo yote.

Unajua nilizaliwa ukingoni mwa msitu, upande wa juu wa Shinyalu, mahali ambapo ukimwaga maji ya kuosha vyombo yanaingia chini ya miti ya serikali. Babu yako alikuwa mwindaji. Wakati huo uwindaji ulikuwa umekatazwa tayari, lakini wanaume wa kwetu walikuwa bado wanaingianga msituni na mbwa alfajiri na kutoka na paa ndani ya gunia. Sikwambii hivi kwa fahari wala kwa aibu. Tulikula. Nyama ile ndiyo iliyoniotesha meno.

Upinde wa babu yako ulining'inia ukutani juu ya kitanda chake. Ulikuwa mrefu kumshinda yeye mwenyewe, mweusi kwa moshi na mafuta, na ilijulikana kwamba ulitoka kwa baba yake. Mjomba wako Lumbasi, kaka yangu, aliutazama upinde ule tangu alipojua kutazama. Mimi pia niliutazama, ila mimi hakuna aliyeona kwamba natazama. Lumbasi akicheza na pinde za fito, kazi yangu ilikuwa kukimbia kuokota mishale.

Lumbasi alikuwa darasa la sita siku rafiki za baba walipokuja kunywa busaa. Mmoja wao, mtu wa mdomo, akamwona Lumbasi akifukuza kuku jikoni, akasema, "Huyu kijana wako bado ni wa kuku tu?" Wakacheka. Baba hakucheka. Aliingia ndani, akaushusha upinde ule, akampa Lumbasi mbele ya wageni wote. "Kuanzia leo ni wako," akasema. Wakampigia makofi. Kaka yangu aliupokea kwa mikono miwili, akang'aa uso. Wale wageni walimtazama uso. Mikono yake hakuna aliyeitazama.

Mimi niliitazama, maana nilikuwa nimesimama karibu na mishale kama kawaida. Lumbasi alipovuta ile kamba ilifika kifuani tu, haikufika shavuni. Viwiko vilitetemeka. Na kuna jambo moja ambalo sikulielewa siku ile, lakini nataka ulielewe wewe usiku wa leo kabla hujalala: upinde unaokuzidi nguvu haukupi nafasi ya kutazama. Ukishauvuta, ni lazima uachie. Huwezi kungoja. Huwezi kusema, hebu kwanza. Mikono inakuamulia.

Baada ya wiki chache hivi, tulikuwa Lumbasi na mimi kando ya msitu, chini ya shamba la ndizi. Aliona kitu cha kahawia kikitikisa majani ya mpera mwitu. Kikainama, kikainuka, kikainama. Alinong'ona, "Paa." Nami niliamini, kwa sababu aliyesema ni kaka yangu mkubwa na ana upinde wa babu. Akavuta. Nikaona ile mikono inatetemeka. Akaachia.

Ilikuwa ni Senge Rasoa. Mimi humwita Senge kwa sababu ni dada ya baba yangu, na wewe umemwita Kukhu tangu ulipojua kusema. Alikuwa msichana wa kuolewa wakati huo, mcheza ngoma ya isukuti ambaye watu walikuwa wanamfuata kutoka harusi moja hadi nyingine. Siku ile alikuwa ameinama akiokota kuni, amevaa sweta ya kahawia. Mshale ulimwingia pajani.

Hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, kama mtu aliyechoka, akautazama mguu wake, akatutazama sisi, akasema, "Lumbasi, kimbia umwite baba yako. Na uuache huo upinde hapo hapo." Walimbeba juu ya mlango wa jikoni hadi barabarani, kisha hospitali ya misheni kule Mukumu. Alipona. Aliolewa, akazaa, akazika mume, analima mpaka leo. Lakini ule mguu haukunyooka tena vizuri, na sikumwona akicheza tena isipokuwa kwa mabega, akiwa ameketi.

Babu yako alikuwa anawaambianga watu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Alilisema hilo mbele ya Senge siku moja, tukila. Senge akaweka tonge lake chini.

"Si bahati mbaya, ndugu yangu," akasema. "Ni upinde mkubwa."

Baba aliendelea kula. Mimi sikulielewa neno lile mpaka nilipokuwa mama yako.

Lumbasi unamjua. Yule mjomba mpole mwenye kibanda cha kinyozi kule Amalemba, anayekunyoa kama anamnyoa mtoto mchanga. Watu hudhani ni mpole kwa kuzaliwa. Mshahara wake wa kwanza alimnunulia Senge sweta nyekundu, nyekundu ya kuonekana kutoka ng'ambo ya mto, na tangu hapo akiona imechakaa hununua nyingine ya rangi ile ile. Hawajawahi kulizungumza. Yeye huleta, Senge huvaa.

Sasa nikufikie wewe.

Ulikuwa darasa la tano ulipoanza vita na kima. Walikuwa wanashuka kutoka msituni kila mahindi yakitoa ndevu, na wewe uliona ni matusi. Ukatengeneza upinde wa ufito na mishale ya vijiti vya mwavuli uliovunjika. Kima hawakuona hata haya. Lakini siku moja kijiti kimoja kilipita ua kikatoboa jerikeni la jirani akiwa amelibeba kichwani. Maji yalimtiririka mgongoni hadi viatuni. Alikuja hapa akiwa amelowa, akaniwekea lile jerikeni mlangoni bila salamu, akasema, "Mama Muhonja, leo ni plastiki."

Maneno hayo yalininyima usingizi. Baba yako alikuwa Musanda wakati huo akiendesha trekta ya miwa, nikampigia simu. Akasema, "Mnyang'anye." Nikafikiri juu ya kunyang'anya. Mtoto ukimnyang'anya upinde wa fito, atatengeneza mwingine nyuma ya choo, na ule wa nyuma ya choo hutauona mpaka siku ya msiba. Nikaamua kwamba kama mwanangu atashika upinde, basi utakuwa upinde wa kweli, na nitakuwepo.

Mpaka hapo nilikuwa na akili. Kutoka hapo nikaipoteza.

Nilienda kwa Mzee Indangasi, yule aliyekuwa akichonga pinde na marungu nyuma ya soko la Mukumu, nyingi zikiwa za ngoma na za kuwauzia wageni. Zilikuwa zimesimama ukutani kwa safu. Mmoja ulikuwa mrefu, mweusi, umefungwa ngozi ya mbuzi mahali pa kushikia. Nilipouona sikutazama mwingine. Mzee akaniuliza, "Ni wa nani?" Nikamwambia ni wa binti yangu. Akaniuliza, "Ana umri gani?" Nikamwambia anakua haraka.

Muhonja, sikukununulia wewe upinde ule. Nilimnunulia yule msichana aliyekuwa anaokota mishale. Ulikuwa mrefu kukushinda kwa kichwa kizima na mimi sikuliona hilo, kwa sababu sikuwa nakuona wewe. Nimekutana na wazazi wengi tangu siku ile. Wengine walikuwa wananunua baiskeli, wengine wanalipia shule, na nimeona wengi wetu tukifanya vile vile: tunampa mtoto kitu tulichonyimwa sisi, kwa ukubwa wetu sisi, halafu tunashangaa kikimwangusha.

Na wewe, kwa furaha, hukusema ni mzito. Ulifunga vidole vitambaa ukaniambia umejikata na nyasi. Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini.

Jumapili ile Senge alikuja kutoka kanisani, na fimbo yake na sweta yake nyekundu. Ulikuwa uani. Alikuona na ule upinde, akasimama palepale langoni. Niliona uso wake nikajua nimefanya jambo, ila sikujua bado ni lipi. Nilidhani atapiga kelele. Alivuta kigoda, akaketi, akanyoosha ule mguu wake mbele.

"Muhonja, vuta nione," akakwambia.

Ukavuta.

"Usiachie. Shikilia hapo hapo. Sasa niambie, nyuma ya huo mgomba kuna kuku wangapi?"

Ukaanza, "Mmoja, wa—" na mkono ukatetemeka, na mshale ukaondoka wenyewe, ukapita juu ya mgomba ukaenda kudunga paa la jiko. Wale kuku wakatawanyika. Hukuwa umekusudia kuachia. Uliniangalia mimi kwa hofu, na mimi nilimwona Lumbasi mzima mzima mbele yangu, miaka ile yote imerudi uani kwangu.

Senge hakukugombeza. Aligeuka kwangu.

"Nani alichagua huu?"

"Mimi, Senge."

"Ulimpeleka mtoto akaujaribu?"

"Sikumpeleka. Nilitaka kumshangaza."

"Umemshangaza," akasema. Kisha akasugua goti. Nikamwambia, "Nitauchoma leo leo. Hatashika upinde tena katika nyumba hii. Wewe zaidi ya wote, Senge, sikupaswa kukuonyesha kitu kama hiki." Na nilikuwa nasema kweli, nilikuwa tayari kuuwasha.

Alinitazama kama ninavyokutazamanga wewe ukisema upuuzi. "Nani amekuambia mimi nachukia upinde? Nimekaa na huu mguu nikifikiria mambo mengi, na sijawahi kuwaza upinde umenikosea. Mimi nakatazanga mtu kupewa upinde wa mtu mwingine. Kesho kutwa tunaenda Mukumu, sisi watatu. Atachagua na mimi nikiwepo."

Tulienda. Yeye alitembea njia yote, akipumzika, akikataa pikipiki. Nadhani hapo ndipo kipande unachokikumbuka kinapoanzia, kwa sababu umekisimulia mara nyingi, ila wewe husimulia jinsi ulivyolia. Acha nisimulie nilichokiona.

Kukhu wako alimwambia Mzee Indangasi azitoe zote zilizo fupi kuliko kidevu chako. Akakupa mmoja mmoja. Kila ulipovuta alikukataza kuachia, akaanza kukuuliza maswali kama mtu anayepiga soga. Mwalimu wenu anaitwa nani. Jana mlikula nini. Juu ya bati pale kuna njiwa wangapi, na wa rangi gani. Kama ulijibu ukihema, alikunyang'anya akakupa mwingine. Mzee Indangasi alikuwa ameacha kazi yake, ameshika kiuno, anatazama. Mwisho ukashika kaupinde kabaya, kenye fundo katikati ya mti, hakana ngozi wala rangi. Ukakavuta hadi shavuni. Ukajibu maswali yote, ukaongeza na hadithi ya njiwa wa shuleni, kamba bado iko shavuni, mkono umetulia kama tawi.

"Ndio huu," Kukhu akasema.

"Huo ni wa watoto," ukalalamika, machozi yameshaanza.

"Na wewe ni nani?"

Mzee Indangasi akacheka mpaka akaketi. Akasema, "Huo niliuchonga wa kufukuza ndege, mama. Lakini akiuzidi, urudisheni. Nitambadilishia na wa mbele yake." Na kweli, mzee yule, Mungu amrehemu, alikubadilishia kila ulipokua, na kila mara Kukhu alikuwepo na maswali yake.

Ndipo mafunzo yakaanza. Unayajua, sitayarudia yote. Shina la mgomba mbele, kichuguu nyuma yake, ili mshale ukikosa uishie kwenye udongo. Na ile sheria ya Kukhu, kwamba kabla ya kuachia useme kwa sauti ni nini unachopiga na ni nini kilicho nyuma yake. Majirani walikuwa wanakusikia jioni: "Mgomba. Kichuguu." Walidhani ni maombi.

Sasa nije mahali ambapo wewe na mimi hatujawahi kupazungumza vizuri, labda kwa sababu tulitoka salama.

Ulikuwa likizo ya kidato cha kwanza. Asubuhi na ukungu. Paa alikuwa ameingia kwenye kunde, na ulikuwa umeamka kabla yangu. Nilifika mlangoni nikasikia sauti yako ikisema chini chini, "Paa. Mteremko." Ulifanya kila kitu ulichofunzwa. Ulijua ni nini, ulijua nyuma kuna nini, mkono haukutetemeka. Kitu kimoja tu hakuna aliyekuwa amekufunza, maana hatukutarajia upige mnyama: kwamba alikuwa mbali mno. Mshale ulimpata nyuma, kwenye paja. Akaruka, akaingia msituni nao.

Nitakwambia nilichowaza, na uniwie radhi. Niliwaza sheria. Niliwaza askari, chifu, mahakama ya Kakamega. Nilitaka kukuvuta ndani, tufunge mlango, tuchemshe chai kama watu ambao hawajui lolote. Nilikuwa nimeshakushika mkono.

Ukasema, "Mama, ameenda na mshale."

"Mwache. Msitu ni mkubwa."

"Ameenda na mshale wangu ndani yake, Mama. Atakaa nao."

Ukautoa mkono wako mkononi mwangu, bila nguvu, ukaanza kutembea. Nami nikakufuata. Tangu siku hiyo nimekufuata zaidi ya ulivyonifuata mimi.

Tulipita chini ya miti tukitazama majani. Tone hapa, tone pale. Wewe ulikuwa unaona kabla yangu. Kwenye kijito tukapoteza, ukavuka, ukainama, ukaniita kwa kidole. Na hapo hapo ng'ambo akasimama askari wa wanyamapori, mwanamke, bunduki begani, viatu vimelowa. Alikuwa anafuata matone yale yale kutoka upande wake.

"Nani amechoma huyu mnyama?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niseme tumekuja kuokota kuni. Neno "kuni" lilikuwa kwenye ulimi wangu. Ukanitangulia.

"Ni mimi, Afande."

Alikutazama. Aliutazama upinde, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Yuko pale chini ya mti. Kaeni nyuma yangu, na msisogee."

Paa alikuwa amelala ubavu, anahema vibaya. Yule afande hakupiga mara moja. Alizunguka polepole mpaka mnyama akawa kati yake na kilima. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akatuangalia sisi kuhakikisha tuko mahali pale pale alipotuweka. Akangoja. Mimi nilikuwa nimeziba masikio kitambo na bado anangoja. Kisha risasi moja, na msitu mzima ukanyamaza.

Nilikuwa nakutazama wewe wakati huo. Ulikuwa unalia, lakini hukugeuza uso. Ulikuwa unamtazama yule mwanamke mikono.

Alituambia wazi kwamba kwa sheria angeweza kutupeleka sote wawili. Alichukua upinde, na haukurudi, na haukupaswa kurudi. Alikwenda kwa chifu pamoja nasi. Wakaamua kwamba kila Jumamosi ya likizo utakwenda kituoni kwao kupanda miche. Nakumbuka ulivyoondoka Jumamosi ya kwanza, umeinamisha kichwa kama mfungwa. Nakumbuka pia kwamba likizo ziliisha, adhabu ikaisha, na Jumamosi bado ulikuwa unatafutanga viatu vyako kabla sijawasha moto. Ukirudi ulikuwa unataja ndege ambao mimi nimewasikia maisha yangu yote bila kujua wana majina.

Hivyo ndivyo ulivyofika hapa. Wengine pale kanisani wanasema binti wa Mama Muhonja amependa bunduki. Hawakuwa kwenye kijito.

Basi, jibu la swali lako. Utapewa, hutachagua. Lakini unaweza kuipima, na ukipima, sema. Kama kitako kinapita bega lako, sema. Kama teke lake linakufanya ufumbe macho kabla hujafyatua, sema kwa mwalimu, hata kama wavulana wote mstarini watacheka. Waache wacheke. Lumbasi alipigiwa makofi. Mtu anayeweza kusema "huu ni mkubwa kwangu" mbele ya watu ana kitu ambacho babu yako, pamoja na ushujaa wake, hakuwa nacho siku ile ya busaa.

Kuna jambo jingine nimelifikiria nikipalilia, nikaona halijasemwa na mtu. Upinde ulikufundisha kwa sababu ulikuchosha. Kuuvuta ni kazi, na kazi ile ilikupa muda wa kujua unachofanya. Bunduki haichoshi kidole. Mtoto anaweza. Mlevi anaweza. Mtu mwenye hasira anaweza kuliko wote. Kwa hiyo ule muda bunduki haitakupa, itabidi uwe nao wewe, ndani, kama yule afande alivyokuwa nao. Nadhani unao. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yako. Ningeona huna, ningekwambia baki, na ungekasirika, na ningevumilia hasira yako.

Na siku moja, Muhonja, mbele yako hatakuwa paa. Atakuwa mtu. Amebeba gunia, ana mbwa, ana suruali iliyochanika magotini. Utaambiwa ni jangili, na atakuwa jangili kweli. Pia anaweza kuwa babu yako. Sikuombi umwachie. Yule afande hakutuachia, na kutuadhibu kwake ndiko kulikokutengeneza. Mkamate. Nakuomba tu umtazame mikono kabla hujamtazama gunia, na kama mikono ni mitupu, basi afike mahakamani akitembea kwa miguu yake miwili. Nimeishi na mguu mmoja ulioharibika katika ukoo huu. Naujua uzito wake kwenye meza ya chakula.

Jioni inaingia, na bado nina jambo moja.

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, yule jirani wetu wa jerikeni alinishika mkono. Hakuwa na ubaya, alikuwa na wasiwasi wa kweli. Akasema, "Mama Muhonja, unampelekaje msichana mahali pa bunduki? Wewe huogopi?"

Nilikumbuka jioni moja ambayo wewe huenda umeisahau. Ulikuwa darasa la saba. Nilikuwa dirishani, hukujua nakuona. Ulikuwa umevuta kamba hadi shavuni, umeshasema mgomba, umeshasema kichuguu. Ndama wa jirani huyo huyo akachomoza pua tu, pembeni kabisa, mbali na njia ya mshale. Mtu mwingine angeachia, na asingemgusa. Uliilegeza kamba polepole mpaka ikarudi mahali pake. Ukaweka upinde chini kwenye nyasi. Ukamshika yule ndama sikio, ukamrudisha kwao ukimwimbia, ukakaa huko mpaka ulipomwona amefungwa. Uliporudi giza lilikuwa limeingia, na hukupiga tena. Ulikusanya mishale ukaja kunisaidia kumenya viazi, wala hukunisimulia lolote.

Basi nilimwambia jirani, "Siogopi. Nimemwona akiilegeza kamba mara nyingi kuliko nilivyomwona akiiachia."

Nenda, mwanangu.

Mama yako